Niliyoyafanya Matangani kwa Mwakio

Msamvu, Morogoro

Dada yangu Wakesho,

Shikamoo. Usicheke. Nyumbani sikuwahi kukuamkia hivyo hata siku moja, lakini huku mkubwa asipoamkiwa anakuona huna malezi, na mimi kwa sasa siwezi kuongeza aibu juu ya ile niliyo nayo. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mama anakula? Hilo la Mama ndilo ninalotaka kujua kuliko yote, kwa sababu siku ile nilipokata simu nilimsikia nyuma yako akiuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" na sauti ile haijanitoka masikioni. Mvua imefika Wundanyi? Huku inanyesha mpaka ukuta wa chumba changu umeota ukungu, na nguo nazivaa mbichi.

Nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza. Nenda nayo shambani kwenye kabeji au popote asipokuwepo Mama. Ukimaliza, utaamua mwenyewe cha kumsomea na cha kuruka. Kwenye simu nilikwambia mambo mawili tu, kwamba nimempata kaka Mwakio na kwamba ameshazikwa, halafu nikazima. Haikuwa chaji, kama nilivyokudanganya baadaye. Nilijua utaniuliza kwa nini nilichelewa, na sikuwa na uso wa kukujibu. Nimempa barua dereva anayepakia mahindi kwenda Taveta, mtu mzima, ameniahidi ataifikisha.

Unakumbuka nilivyoondoka na kelele zangu. Nilimwambia Mama mbele ya majirani kwamba sirudi bila Mwakio, na kwamba dereva wa lori hawezi kupotea kama sindano. Nilichokuwa nacho ni jina lake na ile habari kwamba simu yake ya mwisho aliipiga akiwa Gairo, akienda kupakia karanga. Nilipofika Morogoro nikapata kazi gereji moja karibu na stendi ya Msamvu, nikawa natengeneza breki siku za kazi na Jumapili natafuta. Nilimwuliza kila dereva aliyeingia gereji. Mwakio? Hakuna aliyelijua jina hilo.

Sasa kuna jambo moja lazima ulielewe, la sivyo hutaelewa lolote. Watu wa huku wanatania. Na sisi tunatania, najua, lakini wa huku wana ruhusa. Kabila na kabila, ukoo na ukoo, kuna waliorithi kutaniana tangu kwa mababu, na mtani wako anaweza kukwambia neno ambalo mtu mwingine angelisema mngeshikana mashati. Mimi sikuwa na mtani yeyote, nilikuwa Mkenya tu, kwa hiyo gereji nzima ilinitania bila zamu. Eti Kiswahili changu ni cha kukamata wezi. Eti nikiomba chumvi watu wanainua mikono juu. Siku moja wakaniambia Mkenya mwenzangu amefungua hoteli nyuma ya soko, niende haraka. Nikavaa shati safi nikaenda mbio, nikakuta zizi la mbuzi. Niliporudi wote walikuwa wameacha kazi wamekaa juu ya matairi wananisubiri. Unanijua hasira zangu. Tangu siku hiyo nikajiapiza kwamba Mluguru, mwenyeji wa huku, hanidanganyi tena.

Kwa akili hiyo ndiyo nilikwenda Mlali, Jumapili moja, kwa sababu malori ya nyanya hupakia huko. Nikaona mzee mmoja amekaa kwenye tenga lililofunikwa, kofia imemfika machoni, amezungukwa na vijana. Anaitwa Mzee Shomari. Nikamweleza namtafuta kaka yangu, Mkenya, dereva, mrefu, hodari wa kuongea.

"Mkenya?" akasema. "Si yule wa Kinole? Yule anachechemea kama kuku aliyekanyagwa? Kwani hujui? Kaolewa kule!"

Vijana wakaangua kicheko.

"Nakwambia kweli, baba," akaendelea. "Kaolewa, yuko ukweni, analima iliki na kutwanga kisamvu. Nenda Kinole, uliza Baba Zuhura."

Dada, kaka yetu hakuwa kilema. Alikuwa anapanda kilima cha kanisani kwa mbio akiwa na gunia begani, wewe mwenyewe ulikuwa unampigia makofi. Na kuolewa? Mwanaume wa kwetu? Nikaona zizi la mbuzi lile lile. Nikamwambia yule mzee maneno ambayo siyaandiki, kwamba umri wake na mambo yake haviendani, nikageuka nikaondoka. Alisimama kwenye tenga lake akaniita, "Wewe! We Mkenya! Sikutanii!" Nilimsikia vizuri kabisa. Sikugeuka.

Siku ile Mwakio alikuwa mzima. Nimeshamuuliza mkewe, na tumelinganisha. Wakati mimi nagombana na mzee wa watu Mlali, kaka yetu alikuwa Kinole anavuna machungwa.

Hilo ndilo sikuweza kulisema kwenye simu. Sasa unalijua.

Baada ya hapo nikamwaga muda wangu wote Gairo. Kila gulio nilikuwa huko, katikati ya magunia ya mahindi na karanga, nauliza, narudi gereji na vumbi, naulizwa na wenzangu kama nimeshampata Mkenya wangu. Mpaka nikakutana na mama mmoja muuza karanga, mpole, hana mzaha hata kidogo. Aliniangalia sana usoni kabla ya kujibu. Akasema, "Unafanana na yule dereva wa ajali." Akanieleza kwamba lori lilipinduka karibu na hapo, dereva Mkenya akabanwa mguu, wao akina mama ndio walimfunga kanga na kumpakia gari la kwenda Morogoro. "Mguu ulikuwa umevunjika vibaya," akasema. "Nilijua akipona atachechemea."

Nilisimama pale na karanga alizonipa mkononi. Yule mzee wa Mlali alikuwa ananiambia kweli tangu mwanzo.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda gari la Mkuyuni, kisha bodaboda mpaka pale matope yalipotushinda, nikamaliza kwa miguu. Ungependa Kinole, dada. Ni kama kwetu ila imejaa zaidi, ndizi na machungwa na pilipili manga inayopanda juu ya miti, mto kila ukikunja kona. Nilikuwa napanda huku natunga maneno nitakayomwambia. Nilitaka kumfokea kwanza. Nilitaka kumwuliza ni mguu gani huo unaozuia mtu kumpigia mama yake simu.

Nilipomwuliza binti mmoja kwa Baba Zuhura ni wapi, alinionyesha kwa kidole, akashusha macho. Palikuwa na watu wengi, turubai limefungwa, masufuria makubwa yako mafigani. Nikasema moyoni, kumbe kuna harusi. Kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Wanacheka hasa, wanawake wameshika mbavu, na katikati yao bibi kizee mmoja amevaa koti la kiume linalomfika magotini, amechomeka suruali kwenye soksi, anachechemea kutoka mtu mpaka mtu na kuwapa mkono. Na kila anayempa mkono anamwambia kwa sauti nzito, "Kwawuka! Kwawuka!"

Salamu yetu, dada. Kule mlimani kwa watu, mbali kote huko, bibi ambaye hajawahi kuiona Taita anaamkia watu kwa Kitaita, na watu wanakufa kwa kicheko.

Nikamshika mwanaume aliyekuwa karibu. "Nani huyu anaigizwa?"

"Marehemu," akasema, bado anacheka. "Mkenya wetu, Baba Zuhura. Leo tunaanua matanga. Karibu, baba, kaa."

Sijui nikuelezeje kilichotokea ndani yangu. Nilielewa mara moja kwamba amekufa na kwamba wanamcheka. Mguu wake wanaucheka. Lugha ya mama yake wanaicheka. Bibi akafika kwangu, akaninyooshea mkono ndani ya lile koti, akasema, "Kwawuka! Mbona umenuna, au na wewe lori limekulalia?" Nikamsukuma.

Nilimsukuma kwa mikono yote miwili, dada. Bibi ambaye umri wake ni wa bibi yetu. Aliangukia kwenye kuni. Nikamwinamia nikawa namvua lile koti kwa nguvu, napiga kelele kwamba huyu ni kaka yangu, mna roho gani nyinyi, mnyama gani anacheza matangani. Watoto walianza kulia. Mwanamke mmoja mwenye kanga nyeupe alisimama kwenye mlango na mkono mdomoni. Huyo ndiye shemeji yetu, Mwajabu. Ndivyo alivyoniona mara ya kwanza.

Wanaume walinishika, lakini hakuna aliyenipiga. Ningependa wangenipiga. Kaka yake Mwajabu, mtu wa makamo anayeitwa Kibwana, alinipeleka nyuma ya nyumba akanipa maji, akangoja nikanywa.

"Wewe ndiye mdogo wake," akasema. "Righa. Alitwambia."

Nikaitikia.

"Sasa nisikilize, shemeji. Sisi huku mtu ni wa kwa mama yake. Mwanaume akioa anakuja kukaa kwetu, lakini akifa anarudishwa azikwe na watu wake. Na kila lukolo, kila ukoo, una watani wao. Tukifiwa, wao ndio wanachimba kaburi, wao ndio wanapika, wao ndio wanatuchekesha tusiende na maiti wetu. Mwenzetu huyu hakuwa na ukoo hapa. Alikuwa mgeni. Mgeni hana mtani. Akifa anazikwa kimya, watu wanaondoka."

Akachota maji mengine.

"Wazee tulikaa. Tukasema huyu kaishi na sisi vizuri, asizikwe kimya. Tukamwendea Bi Tatu, ndiye mkubwa wa watani zetu. Tukamwomba amtanie kama mtu wetu. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu wa kuja. Kakubali. Na tukampa nafasi kwenye makaburi yetu wenyewe. Yule bibi uliyemwangusha kakesha na mume wa dada yangu kichomi kilichomwua kilipomshika, anamlisha uji kwa kijiko."

Dada, nimewahi kuaibika. Niliaibika nilipofeli mtihani, niliaibika nilipoanguka kwenye kwaya. Zile hazikuwa aibu. Siku ile nilitamani nikaingie kwenye mfereji wa maji niende nao. Nilikuwa nimemdhalilisha kaka yetu katika heshima kubwa kuliko zote alizowahi kupewa na watu, na nimefanya hivyo mbele ya mtoto wake.

Ndiyo, ana mtoto. Zuhura. Hajaanza shule bado, na paji la uso ni la Mama mtupu. Mwajabu aliniambia mengine jioni ile kwa sauti ya chini, bila kunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Walikutana hospitali, yeye alikuwa anamuuguza mama yake na Mwakio amelazwa na mguu. Mwakio alisilimu walipooana, wakamwita Musa, ndiyo maana jina lake halikumfikisha mtu popote. Kwa nini hakupiga simu? Mwajabu anasema kila mwaka alikuwa anasema atakuja nyumbani mavuno yakiwa mazuri. Lori lilikuwa la mtu, mzigo ulikuwa wa watu, na yeye amebaki na mguu mmoja na nusu. Alikuwa anaona haya. Nilimsikiliza nikajua kwamba hilo mimi na Mwakio tumelitoa tumbo moja.

Nilikwenda kwa Bi Tatu nikapiga magoti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anakandwa kiwiko kwa maji ya moto.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe. Sikujua."

"Marahaba. Kumbe unajua kuamkia," akasema. "Mwenzio alikuwa na adabu toka mlangoni. Wewe umelelewa na nani, na nyani?"

Watu wakacheka kidogo, wakiogopa.

"Bibi, niambie nifanye nini."

Kisha akavua lile koti, akanitupia. "Umeniharibia kazi, na tanga bado halijaanuliwa. Imalize wewe. Miye nimemjua mtu mzima tu, we umemjua toka anakojoa kitandani. Vaa. Twonyeshe."

Nikavaa koti la kaka. Lilinibana mabega. Lilinuka moshi na iliki. Nikasimama katikati ya watu wale wote, nikasema "Kwawuka," nikaanza kutembea nikichechemea. Hakuna aliyecheka. Nikajaribu tena. Walikuwa wananiangalia tu kwa huruma, na hapo nikaelewa kwa nini. Sikujua kaka yangu anatembeaje. Nilikuwa namwigiza mtu mwenye miguu miwili mizima aliyeondoka nyumbani zamani.

Zuhura akatoka kwa mama yake. Akanijia, akanipiga paja la kushoto kwa kiganja.

"Si huo," akasema. "Ni huu. Baba anaburuta huu, halafu anafanya hivi." Akatembea mbele yangu, bega limeshuka upande mmoja, mkono mmoja umeshika nyonga, kidevu juu, kwa maringo, kama mtu anayekwenda kulipwa mshahara. Nami nikamfuata nyuma, nikishusha bega alipolishusha. Tukazunguka uwanja mzima. Tulipofika kwa Bi Tatu nikamnyooshea mkono, nikamwambia, "Kwawuka, bibi, umemwona mke wangu?" na Bi Tatu akapiga ukelele, na watu wakaangua kicheko, na Mwajabu akacheka huku anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Ndivyo tulivyoanua matanga ya Mwakio.

Sasa la Mama. Najua siku ninaondoka alisema mlete mwanangu nyumbani, na najua nilimwitikia. Simleti, dada. Amelala kwenye makaburi ambayo hata wanaume waliokuja kuoa pale hawalazwi, na sina mdomo wa kuwaambia wale watu wamfukue. Na Mama asije akasema mtoto naye aletwe. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba wake, Kibwana. Nilitaka kubishana nao juu ya hilo, nikakumbuka nilivyomsukuma Bi Tatu, nikaacha. Kibwana mwenyewe ndiye aliyesema, bila kuombwa, kwamba bibi yake Zuhura wa huko kwetu aje arobaini, amwone mjukuu, na kama akimpenda huyo mjukuu, Zuhura akishaanza shule awe anakuja kwetu ikifungwa, kisha anarudi.

Kwa hiyo mlete Mama. Muuzeni yule beberu mpate nauli, nami nitaongeza nilicho nacho. Nitawapokea Msamvu. Baba mchungaji akiuliza habari za kusilimu, mwambie kile kile utakachomwambia Mama, asiongezewe.

Nisalimie Shemeji, umwambie ile spana yake bado ninayo. Nisalimie mjomba Mwadime na mguu wake, shangazi wa Mgange na ulimi wake, na yule jirani yetu wa chini anayemletea Mama maziwa, Mungu ambariki. Wanao wabusu wote. Waambie wana dada yao mdogo huku anayejua kuamkia kwa Kitaita.

Jambo la mwisho, na hili msomee Mama neno kwa neno. Mkifika Kinole, atawatokea bibi kizee mwenye kiwiko kilichofungwa kitambaa. Atamcheka Mama. Anaweza kumnyang'anya leso, anaweza kumkalia kwenye kiti chake. Hakika atamwuliza, mbele ya watu wote, mama gani huyu anayekuja mtoto ameshalala. Mama asikasirike. Ameulizwa kwa upendo. Na asijaribu kulijibu swali hilo, wala wewe usimjibie. Nitakuwa nimesimama hapo hapo. Niachieni mimi nijibu.

Mdogo wenu,

Righa